Mama Aliyepiga Simu: Kumkumbuka Angela Dawson wa Baltimore

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni, ingieni mkae, viti bado vipo.

Kabla ya yote nizungumzie mishumaa. Mama mmoja kati yetu alipendekeza tuwashe mishumaa saba, mmoja kwa kila aliyekufa. Nia yake ilikuwa njema na nimemshukuru. Lakini niliomba tusiwashe. Watu tunaowakumbuka leo walikufa kwa moto, na mimi siwezi kusimama mbele yenu nikawawashia kiberiti. Ndiyo maana mnaona pale mezani glasi saba za maji. Mbili kubwa ni za wazazi. Zile tano ni za watoto, na mbili zilizokaa karibukaribu pale mwisho ni za mapacha.

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 16 Oktoba 2002, saa nane na ushei, mtu alivunja kwa teke mlango wa mbele wa nyumba ya Angela na Carnell Dawson. Nyumba hiyo ilikuwa kwenye kona ya East Preston Street na North Eden Street, mtaa wa Oliver, hapa hapa Baltimore, upande wa mashariki. Alimwaga petroli ndani akawasha. Ilikuwa nyumba ya matofali ya ghorofa tatu, moja ya hizi nyumba zetu za Baltimore zilizobanana ukuta kwa ukuta. Mnajua zilivyo. Moto ukishika chini, aliyelala juu hana pa kupita.

Angela alikuwa na miaka 36. Alikufa pamoja na watoto wake watano: binti wa miaka 14, mvulana wa miaka 12, mwingine wa miaka 10, na mapacha wa kiume, wadogo kuliko wote. Carnell, mume wake, mwenye miaka 43, aliruka kutoka dirishani mwili umeungua vibaya. Alikufa hospitalini baada ya wiki moja. Nyumba ikaisha hivyo, wote saba.

Aliyefanya hivyo alikuwa kijana wa miaka 21, mkazi wa mtaa uleule. Alikuwa chini ya uangalizi wa mahakama kwa kosa la nyuma. Mwaka 2003 alikiri mbele ya mahakama ya shirikisho, akafungwa maisha bila nafasi ya kutoka. Jina lake limeandikwa kwenye kumbukumbu na anayelitaka atalipata. Mimi sitalitaja, kwa sababu jioni ya leo tumeitoa kwa mama huyu.

Kosa la Angela Dawson lilikuwa moja. Alipiga simu polisi. Akapiga tena, na tena, kuhusu vijana waliokuwa wakiuza unga mbele ya nyumba yake, pale watoto wake walipokanyaga kila siku wakitoka na kuingia. Na hata yeye mwenyewe hakujificha. Walimjua, naye aliwajua.

Wengi wenu mmekuja mji huu miaka ya karibuni, na pengine hamjui Baltimore ya wakati ule. Mwaka 1950 mji huu ulikuwa na watu 949,708. Ilipofika sensa ya mwaka 2000 walikuwa wamebaki 651,154. Karibu watu laki tatu waliondoka. Viwanda vilifungwa, wenye uwezo wakahamia vitongoji vya nje, na nyuma yao zikabaki maelfu ya nyumba zilizopigiliwa mbao madirishani. Oliver, mtaa ulio kati ya makaburi ya Green Mount na eneo la hospitali ya Johns Hopkins, ni kati ya mitaa iliyoumia zaidi. Mwaka ule wa 2002 peke yake, mji huu ulikuwa na mauaji 253.

Nawaomba muitazame ile kona kama alivyoitazama mama mwenye watoto watano, kwa sababu tukisema tu "dawa za kulevya" tunakuwa hatujasema kitu. Kona ni duka. Mmoja amekaa anatazama barabara, akiona gari la polisi anapiga ukelele. Mwingine anapokea pesa. Wa tatu anaelekezwa akachukue mzigo kwenye nyumba iliyoachwa, au chini ya tofali, au nyuma ya pipa. Aliyepokea pesa hashiki mzigo, na aliyeshika mzigo hashiki pesa. Mara nyingi anayetumwa kuuchukua ni mtoto, kwa sababu mtoto akikamatwa adhabu yake ni ndogo. Sasa wewe una mvulana wa miaka 12 na mwingine wa miaka 10, na duka lile linaajiri watu wa umri huo mlangoni kwako. Ungefanya nini?

Na kwa wenye duka, simu ya mama ni hasara. Kila gari la polisi linalopita linasimamisha biashara nusu saa. Wateja wanatawanyika, wanakwenda kona nyingine. Mzigo unahamishwa. Mama akipiga simu mara tatu kwa siku, amekula mauzo ya siku. Nawaeleza haya ili tusidhani kwamba yule kijana alishikwa na wazimu wa usiku mmoja. Moto ule ulikuwa na hesabu ndani yake.

Na haukuwa wa kwanza. Tarehe 3 Oktoba, siku kumi na tatu tu kabla, chupa za petroli zilirushwa kwenye nyumba ile ile. Familia iliamka, ikaokoka. Mwezi ule, kama mtakumbuka wale mliokuwepo, macho ya Maryland yote yalikuwa kwa wadunguaji wawili waliokuwa wakiua watu kuzunguka Washington, kwenye vituo vya petroli na maegesho ya maduka. Watu walijaza mafuta wakiwa wamechutama nyuma ya magari yao. Huko Oliver mama mmoja alikuwa tayari amechomewa nyumba mara moja, naye akaendelea kulala mle ndani na watoto wake.

Baadaye maafisa walisema kwamba baada ya shambulio lile la kwanza familia ilipewa nafasi ya kuhamishwa, nayo ikaamua kubaki. Nimesikia watu wakilitumia jambo hili dhidi yake. Nimelisikia hata miongoni mwetu: "Si angehama tu?"

Nitasema ukweli wa moyo wangu. Kama Angela angekuwa dada yangu, ningemwambia hama. Ningemwambia usiku uleule, ningekuja na gari, ningewabeba watoto na nguo zao za shule. Lakini dada yangu angeniuliza: kwa nini nihame mimi? Ningemjibu nini? Sisi tuliokaa humu ndani tunajua kuhama. Kuna waliohama Bukavu, kuna waliohama Bujumbura, kuna waliozaliwa kambini na kukulia kambini. Tunajua mtu anaacha nini nyuma anapofunga mlango kwa mara ya mwisho. Kwa hiyo tusiwe wepesi wa kumshangaa mama aliyesema hapa ni kwangu na sitoki.

Kuna neno nataka tulisimamie kidogo.

Huku Marekani, mtu anayetoa taarifa polisi ana jina lake baya, "snitch", na vijana wetu wanalijua kuliko mimi. Mwishoni mwa mwaka 2004, miaka miwili tu baada ya Angela kuzikwa, ilitoka diski ya video hapa hapa Baltimore iliyowatisha waziwazi wanaotoa taarifa. Iliuzwa mitaani, watu wakaitazama. Lakini tusiwacheke Wamarekani, maana na sisi tunalo neno letu. Tunasema fulani kamchomea fulani. Tunasema amemchomea utambi. Mtoto akimwambia mwalimu nani kaiba, wenzake wanamwita mchomeaji, naye analia mpaka nyumbani.

Nilipokuwa naandika maneno ya leo, kalamu yangu ilisimama hapo. Kuchomea! Mama Angela, kwa lugha yetu ya mitaani, alikuwa mchomeaji. Nani alimchoma nani? Yeye alishika simu, akasema kuna watu wanauza sumu mbele ya watoto wangu, njooni. Hakumchoma mtu. Aliyechomwa ni yeye, na binti yake, na wavulana wake wanne, na mume wake. Nawaomba wazazi, mtoto wako akilitumia neno hilo nyumbani, mkalishe chini umsimulie habari ya nyumba ya East Preston Street. Usimkemee. Msimulie tu, na umtajie umri wa wale watoto.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta mbele yenu.

Miaka ile ile mji huu ulikuwa na kampeni iliyoitwa Baltimore Believe. Mabango meusi yenye neno jeupe yalitundikwa kila mahali, kuwaambia watu waamini kwamba mji unaweza kubadilika, na kuwahimiza wasikubali unga uwatawale. Angela Dawson aliamini. Alifanya kile ambacho mji ulimwomba afanye. Na sisi baada ya kifo chake tumemwita shujaa, na ni shujaa kweli, silipingi hilo. Lakini nimekaa na neno hili shujaa muda mrefu, na kila nikilitazama naona linatupumzisha sisi. Tukisema alikuwa shujaa, maana yake alikuwa na kitu ambacho sisi hatuna. Basi tunasimama kando tukimpigia makofi.

Mimi nadhani alikuwa mama. Alitaka watoto wake wacheze nje. Kila mama aliyemo humu anataka hivyo. Kilichomtofautisha ni kwamba alipiga simu, na walio kwenye kona walijua ni nani anayepiga. Tafadhali lishikeni hilo. Kama simu zinatoka nyumba moja, mwenye duka ana adui mmoja, anajua mlango wake, anajua watoto wake wanatoka saa ngapi. Kama simu zinatoka nyumba ishirini, atamtisha nani? Kidole kimoja hakivunji chawa. Tumekisema tangu utotoni, tumekiimba, na bado tunamwacha mtu mmoja akatumie kidole chake.

Sisemi haya kwa kuwalaumu majirani wa Angela. Sikuwepo, na sijui nani alipiga simu na nani hakupiga. Nasema kwa sababu ya lililonitokea mimi.

Nilipofika mji huu mara ya kwanza, nilipanga nyumba upande wa mashariki. Nilikuwa nafanya kazi ya usiku, nikihudumia wazee. Nyumba ya kushoto kwangu aliishi bibi mmoja, Mmarekani mweusi, mjane. Mnazijua zile ngazi nyeupe za marumaru mbele ya nyumba za zamani za Baltimore. Jiwe lake lilichimbwa Cockeysville, hapo juu kidogo ya mji, na zamani wanawake wa mitaa hii walizisugua kila wiki kwa brashi na unga wa kusafishia, wakishindana nani ngazi zake zinang'aa zaidi. Bibi yule alikuwa bado anasugua. Kila Jumamosi asubuhi, nikirudi kazini, namkuta amepiga magoti juu ya kitambaa kilichokunjwa, ndoo pembeni, anasugua ngazi tatu tu, anaanza ya juu anashuka. Ananiambia nipite, nami naogopa kukanyaga.

Vijana wakaanza kukaa kwenye zile ngazi usiku. Mwanzoni wawili, baadaye watano. Asubuhi bibi anakuta vipande vya sigara, na vile vichupa vidogo vya dawa za kulevya, vyenye vifuniko vya rangi. Alikuwa anaviokota kwa karatasi, anaviweka kwenye kopo. Aliwaambia vijana waondoke. Hawakuondoka. Akaanza kupiga simu.

Siku moja aliniita kwenye uzio wa nyuma. Aliniambia: binti yangu, mimi nawapigia polisi peke yangu. Wakija, wale wanajua ni mimi, hakuna mwingine. Na wewe piga. Si lazima useme jina lako. Piga tu, wajue kuna wengine.

Nikamwambia sawa, bibi. Nikasema sawa kwa mdomo.

Makaratasi yangu wakati ule yalikuwa bado. Nilisema moyoni, mimi mgeni, Kiingereza changu kinayumba, nikipiga simu wataniuliza mimi ni nani, wataniuliza nimetoka wapi. Siku niliyokuwa mapumziko, usiku, nikasikia vioo. Nilikuwa macho, nakunja nguo. Nilikwenda dirishani, nikasogeza pazia kidogo kwa vidole viwili, nikaona kijana amesimama mbele ya nyumba ya bibi na tofali la pili mkononi. Simu ilikuwa juu ya kitanda, hatua tatu. Nikaliachia pazia. Nikazima taa.

Bibi hakuumia. Alipiga simu mwenyewe, polisi wakaja baada ya kioo cha tatu. Haukupita mwezi, binti yake akaja kumchukua. Nilitoka kumsaidia kupakia vitu. Masanduku yalipoisha, akanipa ile ndoo na brashi yake, akasema nizitunze ngazi kama mwenye nyumba mpya hatajali. Kisha akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote: "Usiku ule niliiona taa yako."

Sikumjibu. Nilikuwa na jibu la makaratasi, jibu la Kiingereza, jibu la watoto. Yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililotoka. Gari likaondoka.

Miezi kadhaa baadaye mwenzangu kazini alinisimulia habari ya familia ya Dawson, na siku yangu ya mapumziko nilikwenda kusimama pale kwenye kona ya Preston na Eden. Nilimfikiria Angela, na zaidi nilifikiria taa. Usiku ule wa Oktoba, na usiku mwingi kabla yake, kulikuwa na taa ngapi?

Ndugu zangu, mji nao una lake la kujibu. Ukimwomba raia akupigie simu, umeshachukua sehemu ya hatari yake. Huwezi kumwambia amini, kisha nyumba yake ikarushiwa petroli, na baada ya siku kumi na tatu mtu yuleyule akarudi akavunja mlango. Baada ya msiba ule mambo kadhaa yalifanyika. Mwaka 2005 bunge la Maryland lilipitisha sheria kali zaidi dhidi ya wanaotisha mashahidi. Na ile nyumba yenyewe ilijengwa upya, na mwaka 2007 ikafunguliwa kuwa kituo cha watoto wa mtaa, mahali pa kukaa baada ya shule, kwa jina la familia ya Dawson. Nalishukuru hilo kwa dhati. Pale palipoungua watoto, watoto wengine wakapata meza ya kufanyia kazi za shule. Lakini jengo linajengwa mara moja, na shahidi anahitaji kulindwa kila usiku, na tunapokutana na wakubwa wa mji huu, hilo ndilo tuwaulize: mtu akishatishwa, nani analala mlangoni kwake?

Sasa nizungumze na sisi wageni, maana najua kinachowafunga mdomo. Kilinifunga mimi.

La kwanza ni lugha. Ukipiga 911, namba ya dharura, sema neno moja tu, "Swahili", na usikate. Wanaunganisha mkalimani kwenye simu. Itachukua muda, usikate.

La pili ni jina. Unaweza kukataa kutaja jina lako. Ila fahamu kwamba anayepokea 911 kwa kawaida anaiona namba unayopigia, kwa hiyo usidhani umefichika kabisa. Mwambie wazi: sitaki askari aje mlangoni kwangu. Hili ni muhimu sana. Askari akija kukugongea na taa za gari zinazunguka, mtaa mzima umeshajua nani kaita. Kwa mambo yasiyo ya dharura, taa ya barabara iliyokufa, nyumba iliyoachwa wazi, takataka, kuna 311. Mji huu ndio ulioanza kuwa na namba hiyo Marekani nzima, mwaka 1996. Itumieni. Nyumba iliyoachwa ikizibwa, mzigo unakosa pa kufichwa, na hakuna aliyetaja jina la mtoto wa mtu. Na kama unajua jambo zito na hutaki kabisa kujulikana, kuna Metro Crime Stoppers, watu wanaopokea taarifa za uhalifu, ambao hawakuulizi jina.

Usipige simu ukiwa umesimama dirishani. Ingia chumba cha nyuma. Taja mahali, saa, nguo, gari. Usikisie, usitaje kabila wala rangi kana kwamba ndiyo kosa. Tumeona wanaume weusi wakiuawa na polisi nchi hii kwa sababu mtu alipiga simu kwa hofu tu. Sema ulichokiona na uishie hapo.

La tatu ni makaratasi. Hapa nataka muwe makini. Tangu mwaka 2000 sheria ya Marekani ina viza inayoitwa viza ya U, kwa mtu aliyeumizwa na makosa fulani mazito, ambaye anawasaidia polisi au waendesha mashtaka. Kumtisha shahidi ni moja ya makosa hayo. Zinazotolewa ni 10,000 tu kwa mwaka, na foleni ni ya miaka mingi. Siwaambii kwamba ni njia rahisi, na nawaomba msimlipe mtu wa mtaani anayeahidi kuwapatia. Nendeni kwa mwanasheria wa uhamiaji. Ninachotaka mjue ni kwamba kuwa mgeni hakukuondolei haki ya kuomba msaada mtu anapokuvunjia mlango.

Kina baba, nina neno nanyi. Mara nyingi jambo hili linaachwa kwa wanawake. Mama ndiye anayejua nani kakaa kwenye ngazi, mama ndiye anayepiga simu, na akitukanwa mnamwambia nilikuonya. Carnell Dawson aliishi ndani ya nyumba ile na mke wake mpaka mwisho. Hakumwacha abaki peke yake na msimamo wake. Mkae na wake zenu mlisemee jambo hili kabla halijafika mlangoni.

Nanyi vijana, sitawahubiria. Nina swali moja, na msinijibu mimi. Mtu wa kwenye kona akikuomba umshikie kitu dakika tano, utamwambia nani? Mtafuteni huyo mtu leo, mumjue kwa jina, kabla hamjaombwa.

Basi, nimesema mengi. Ile ndoo ya bibi bado ninayo, nilihama nayo mara mbili, na brashi imekwisha meno upande mmoja. Miaka hii nimepiga simu mara nyingi. Mara nyingine sauti yangu ilitetemeka. Mara moja polisi hawakuja kabisa, nikapiga tena kesho yake. Lakini niligundua jambo kwenye mtaa ninaoishi sasa: nilipomwambia jirani wa mbele kwamba mimi hupiga, aliniambia na yeye hupiga. Miaka miwili tulikuwa tunapiga simu kila mtu kwake, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Kwa hiyo leo hatutaondoka na machozi tu. Toeni simu zenu. Tumeweka karatasi ukutani, kila mtaa na karatasi yake. Kila mmoja aende kwenye mtaa wake, aandike jina la kwanza na namba, kisha achukue namba za watu wawili wanaokaa karibu naye zaidi. Ukisikia kioo saa nane usiku, hao ndio utawaamsha, na nyote watatu mtapiga. Kama hakuna wa mtaa wako humu, njoo kwangu, tutakwenda wote kumgongea jirani yako kesho mchana, nitakaa nawe mlangoni mpaka mzoeane.

Mama uliyeleta wazo la mishumaa, uko hapa mbele, tuanze na wewe. Unakaa mtaa gani? Taja namba polepole, tunaandika.